Mdahalo Kabla ya Mchujo: Mtazamaji wa Meru na Embu Apime Nini?

Uchaguzi mkuu unapokaribia, wawaniaji humiminika studioni, na watazamaji wa Meru na Embu huwa na swali moja wakishazima runinga: nani ameshinda? Swali hilo huulizwa baada ya mahojiano ya asubuhi, baada ya mdahalo wa wagombea, hata baada ya mkutano wa hadhara uliopeperushwa moja kwa moja kutoka Maua au Runyenjes. Jibu halikawii. Kufikia kesho yake, vijiwe vya bodaboda vimeshampa mtu tiketi ya chama, na wafuasi wa mwenzake wameshaanza kulalamika kwamba mtangazaji alimpendelea.

Hapo yamechanganywa mambo matatu. Kuna mahojiano, ambapo mwaniaji yuko peke yake na mtangazaji. Kuna mdahalo, ambapo washindani hujibu maswali yale yale wakiwa jukwaa moja. Na kuna mchujo, yaani hatua ya chama kuamua ni nani atakayebeba bendera yake. Kenya imezoea la kwanza, imejaribu la pili kwa misukosuko, na la tatu imelifanya kwa fujo tangu miaka ya 1990. Mdahalo wa runinga kati ya wanachama wa chama kimoja wanaogombea tiketi moja, kama ufanywavyo Marekani, haujawa desturi yetu. Uchaguzi wa Agosti 10, 2027 ukibisha hodi, huku UDA ya William Ruto, DCP ya Rigathi Gachagua na DP ya Justin Muturi zikigombea wapiga kura wale wale wa mashariki mwa Mlima Kenya, wapo wanaosema wakati wake umefika. Wapo pia wanaosema ni kupoteza muda na pesa. Kila upande una hoja.

Tulikotoka

Mdahalo wa kwanza wa wagombea urais nchini ulifanyika Februari 11, 2013, katika Shule ya Brookhouse, Nairobi, ukiongozwa na watangazaji Linus Kaikai na Julie Gichuru. Wagombea wote wanane walisimama jukwaani, ingawa awali walioalikwa walikuwa sita. Paul Muite alikimbilia mahakamani ili ajumuishwe, na Mohammed Abduba Dida naye akaingia. Uhuru Kenyatta aliulizwa angeongozaje nchi huku akiwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai; alijibu kwamba hilo lilikuwa jambo lake la kibinafsi ambalo angelimudu. Raila Odinga akamchokoza kwamba kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague kungekuwa kazi ngumu. Mdahalo wa pili ulifuata Februari 25.

Watazamaji wengi walitoka pale wakimsifu Peter Kenneth kwa ufasaha na mpangilio wa hoja, na Dida, mwalimu wa zamani, kwa kuwachekesha huku akiwapasha ukweli. Masanduku ya kura yalipofunguliwa, Kenneth alikuwa na takriban kura 72,800, ambazo hazifiki asilimia 1. Dida alipata takriban 52,800 na kumpita Martha Karua. Kwa anayeamini kwamba mdahalo huteua mshindi, takwimu hizo zingetosha kumnyamazisha.

Mwaka 2017 Uhuru hakufika, na Raila akajibu maswali peke yake katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka, Raila ndiye aliyesusia na William Ruto ndiye aliyebaki peke yake jukwaani Julai 26, 2022. Usiku huo huo mgombea mwenzao George Wajackoyah alifika kisha akaondoka, akitaka wagombea wote wawekwe pamoja badala ya kugawanywa makundi mawili kwa kigezo cha kura za maoni. Mdahalo uliopata ushindani wa kweli mwaka huo ulikuwa wa wagombea wenza, Karua dhidi ya Gachagua, Julai 19. Wengi walimpa Karua alama nyingi zaidi. Hata hivyo Meru na Embu zilimpigia Ruto kura kwa wingi mkubwa, na Kirinyaga, nyumbani kwa Karua, ikafanya vivyo hivyo.

Jirani zetu hawajawa tofauti sana. Uganda ilipoandaa mdahalo wake Januari 15, 2016, Yoweri Museveni hakutokea; alikuja kwenye ule wa pili, Februari 13, siku chache kabla ya kura. Anayejiona yuko mbele huona mdahalo kama mahali pa kupoteza tu. Na hili si la Afrika peke yake. Donald Trump alisusia midahalo yote ya mchujo ya chama cha Republican kuelekea uchaguzi wa 2024, na bado akaipata tiketi bila jasho.

Tiketi hutolewaje?

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011, ilivyorekebishwa mwanzoni mwa 2022, inakipa chama njia mbili. Kinaweza kufanya mchujo wa moja kwa moja, ambapo wanachama waliosajiliwa hupiga kura vituoni, au kikatumia njia isiyo ya moja kwa moja, kama vile kuwaachia wajumbe waamue. Mizozo huanzia ndani ya chama, ikaenda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha mahakamani.

Swali la nani hasa anazungumziwa kwenye mdahalo wa mchujo linaanzia hapo. Anayetazama runinga Nkubu ni mtu yeyote mwenye umeme au simu. Anayepiga kura ya mchujo, kwa mujibu wa sheria, ni mwanachama aliye kwenye sajili ya chama. Sajili hizo zenyewe zina walakini: kuelekea uchaguzi wa 2022, Wakenya wengi waligundua kwamba walikuwa wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Chama kikiamua kutumia wajumbe, hadhira halisi ya mdahalo inapungua hadi ukumbi mmoja wa watu, na wote wanajulikana kwa majina na kwa namba za simu. Mwaniaji mwenye akili atatumia jioni yake kuwapigia hao, na studio ataipa dakika anazobakiza.

Mchujo wenyewe umekuwa na rekodi mbaya. Aprili 21, 2017, Jubilee ililazimika kufuta shughuli hiyo katika kaunti zilizokuwa zimepangiwa siku hiyo baada ya karatasi za kura kukosekana na wapiga kura kufurika kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2022 UDA ilifanya mchujo wake Aprili 14, na katika maeneo kadhaa wawaniaji waliombwa kuachiana nafasi kabla ya siku hiyo, jambo ambalo kwa lugha ya siasa huitwa maelewano. Maelewano yanapofikiwa hotelini Nairobi, mdahalo wa Meru unakuwa umekwisha kabla haujaanza.

Je, mchujo ndio uchaguzi?

Hoja kuu ya wanaotaka midahalo ya mchujo ni kwamba katika ngome za chama, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Ukishapata tiketi ya chama chenye wimbi, Agosti unangoja kuapishwa. Huko Nyeri au Murang'a hoja hiyo ina uzito. Kwa Meru na Embu lazima ipunguzwe, tena sana, na hapa ndipo wachambuzi wengi wa Nairobi hukosea.

Tazama rekodi. Mwaka 2013, wimbi la Uhuru lilipovuma mlimani kote, Meru ilimchagua Peter Munya kuwa gavana kwa tiketi ya APK, chama chenye nembo ya basi, si TNA ya Uhuru. Ushindi wake ulipingwa hadi Mahakama ya Juu, iliyouthibitisha mwaka 2014. Embu nayo ilimpeleka Lenny Kivuti Seneti kwa tiketi hiyo hiyo ya APK. Mwaka 2017, Jubilee ikiwa chama cha karibu kila mtu mlimani, Kawira Mwangaza alishinda kiti cha Mwakilishi wa Kike wa Meru akiwa mgombea huru. Embu mwaka huo Martin Wambora wa Jubilee alibaki na ugavana kwa pengo la kura zisizofika 1,000 dhidi ya Kivuti, aliyekuwa amehamia Maendeleo Chap Chap.

Kisha ukaja mwaka 2022. Kiti cha ugavana wa Meru kilimwendea Kawira, mgombea huru tena, kwa kura 209,148. Mithika Linturi wa UDA, chama kilichokuwa na wimbi, alipata 183,859, na gavana aliyekuwepo, Kiraitu Murungi wa DEP, akapata 110,814. Jumlisha kura za hao wawili utapata zaidi ya 294,000. Kawira hakupata hata nusu ya kura, lakini wapinzani wake waligawana zilizobaki. Embu nusura UDA iangushwe: Cecily Mbarire, ambaye baadaye alikuja kuwa mwenyekiti wa kitaifa wa chama hicho, alimpita Kivuti, safari hii wa DEP, kwa takriban kura 108,600 dhidi ya 105,200. Useneta wa Embu ukaenda kwa Alexander Mundigi wa DEP, chama kilichokuwa upande wa Azimio, muungano wa Raila, katika kaunti iliyomchagua Ruto kwa kishindo.

Katika kila uchaguzi tangu ugatuzi uanze, basi, Meru au Embu, na mara nyingine zote mbili, zimepeleka angalau kiongozi mmoja nje ya chama kikubwa cha mlimani. Wapiga kura wa huku hawapigi kura mtindo wa suti, yaani chama kimoja kwa viti vyote. Hutenganisha. Uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, Novemba 27, 2025, uliotokana na mbunge wake, Geoffrey Ruku, kuteuliwa waziri, ulithibitisha jambo hilo hilo: Leo Wamuthende wa UDA alishinda kwa kura 15,802, na Newton Karish wa DP akawa na 15,308. Pengo la 494.

Hili linaubadilisha mjadala. Ikiwa tiketi haimhakikishii mtu ushindi, basi thamani ya mdahalo wa mchujo haiko katika kumteua gavana mtarajiwa. Iko katika kukisaidia chama kutompa tiketi mtu atakayeanguka Agosti. Chama kilichompa tiketi asiyependwa kimelipa gharama, na takwimu za hapo juu ndizo risiti.

Wanaoutaka

Hoja zao zenye nguvu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mdahalo ndio mahali pekee ambapo wawaniaji wa chama kimoja hulazimika kutofautiana hadharani. Mikutanoni wote huimba wimbo mmoja wa kumsifu kinara wa chama. Ukiwauliza wamejipambanuaje, utasikia ukoo na wadi. Mwaniaji akikaa karibu na mwenzake na kuulizwa atakavyogawa pesa za kaunti, wimbo huo hauwezi kumficha. Meru ilitengewa takriban Sh9.5 bilioni kama mgao wake kutoka kwa serikali ya kitaifa katika mwaka wa fedha 2021/22, na Embu takriban Sh5.1 bilioni. Anayetaka ugavana bila kujua tarakimu hizo, wala kiasi kinacholiwa na mishahara kabla ya barabara hata moja kuguswa, atajulikana ndani ya dakika tano.

Ya pili ni kumbukumbu. Kilichosemwa kwenye kanda hubaki. Mwaniaji aliyeahidi zahanati mwezi Aprili anaweza kuonyeshwa ahadi yake miaka minne baadaye, tena kwa sauti yake mwenyewe. Kampeni za kuzunguka vijijini hazina kumbukumbu ya aina hiyo. Huko Igembe huahidiwa hiki na huko Imenti hukanushwa, na hakuna anayefuatilia.

Wapo wanaoongeza hoja ya tatu, kwamba mdahalo hupunguza nguvu ya pesa. Hiyo ni dhaifu. Usiku wa kuamkia mchujo ndio usiku wa bahasha, na hakuna ushahidi kwamba mtu aliyetazama mdahalo huikataa bahasha kwa sababu hiyo.

Wanaoupinga

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ya watu wa vyama wenyewe. Wanasema mdahalo wa ndugu humpa adui risasi. Lolote baya litakalosemwa na mwaniaji wa UDA dhidi ya mwenzake litachezwa tena na DCP mwezi Julai. Hofu hii si ya bure. Katiba, katika kifungu cha 85, inamtaka mgombea huru awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi, na mchujo hufanyika mapema kuliko tarehe hiyo. Aliyedhalilishwa hadharani na wenzake ana muda wa kutosha wa kujiuzulu na kurudi kama mgombea huru akiwa na kinyongo. Meru inajua wagombea huru hufika wapi.

Hoja ya pili inahusu lugha na jiografia, na binafsi naiona ndiyo nzito kuliko zote. Mdahalo wa Nairobi hufanywa kwa Kiingereza na vipande vya Kiswahili. Mpiga kura wa mchujo wa Igembe Kaskazini husikiliza Muuga FM kwa Kimeru, na wa Embu husikiliza Wimwaro FM kwa Kiembu. Hata ndani ya Kimeru, lafudhi ya Mwimbi, ya Imenti na ya Tigania husikika mara moja, na lafudhi huwa kura. Ndani ya Embu, kinyang'anyiro cha ugavana huangaliwa pia kwa jicho la Mbeere na Embu: wenzetu wa Siakago na Kiritiri huuliza zamu yao ni lini, na wa Manyatta na Runyenjes hutoa hesabu zao. Mdahalo ukifanywa kwa lugha moja ya kitaifa, utaonekana ni wa watu wa mjini. Ukifanywa kwa lugha moja ya nyumbani, Mmbeere atauliza mbona si yake.

Hoja ya tatu ni kwamba wazee wapo. Njuri Ncheke huko Meru hubariki wagombea, na baraka hizo hutafutwa kwa bidii kuliko nafasi studioni. Lakini wazee wamekuwa wakigawanyika, na baraka zao hazijawa na nguvu ya kuzuia matokeo mengine. Hoja hii inaeleza desturi tu. Haitoi sababu ya kukataa mdahalo.

Runinga humfanyia nini mtazamaji

Wanaoupigania mdahalo na wanaoupinga hudhani kwamba mtazamaji hupima hoja. Mara nyingi hupima kitu kingine.

Mpe mtazamaji wa kawaida mdahalo wa wawaniaji sita wa ugavana. Kila mmoja ana dakika moja na nusu kujibu. Maswali yaliyotayarishwa ni kama kumi. Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba mwaniaji mmoja atazungumza dakika 15 tu katika muda wa zaidi ya saa moja na nusu. Katika dakika hizo 15, kengele imlie mara moja katikati ya sentensi, atakumbukwa kwa kengele. Mwingine atakumbukwa kwa tai, kwa kutaja jina la mtangazaji kila mara, kwa kupangusa jasho chini ya taa, au kwa kucheka wakati mwenzake anajibu. Kamera ikimnasa akitikisa kichwa, picha hiyo itazunguka WhatsApp kabla ya mdahalo kwisha, na jibu lake la bajeti ya hospitali litasahaulika. Rick Perry wa Texas, mwaka 2011, alisahau jina la wizara ya tatu aliyoahidi kuifuta katika mdahalo wa mchujo wa Republican; sekunde zile chache zilimfuata hadi alipojitoa.

Idadi ya jukwaani nayo ni kikwazo. Republican ilipokuwa na wawaniaji 17 mwaka 2015, Fox News iliwagawanya: kumi wakapewa saa ya jioni yenye watazamaji wengi, saba wakatupwa mapema zaidi siku hiyo hiyo. Kura za maoni zikawa zimeamua nani asikike kabla mpiga kura hajasema lolote. Kwa mchujo wa wadi ya Meru au Embu, ambapo wawaniaji wa chama kimoja wanaweza kuwa wengi mno na hakuna kura ya maoni ya kuaminika, mgawanyo wa aina hiyo ungekuwa wa kubahatisha tu.

Kisha kuna kazi isiyo ya mwaniaji. Mtazamaji wa Tigania humpigia makofi anayeahidi kufungua soko la miraa la Mogadishu. Soko hilo lilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa Julai 2022 kwa mazungumzo ya serikali mbili. Gavana hana mamlaka ya biashara ya nje. Na muguka wa Mbeere ulipopigwa marufuku Mombasa, Kilifi na Taita Taveta mwezi Mei 2024, ugomvi ulikuwa wa magavana, mahakama na Ikulu. Mwaniaji wa ubunge anayejigamba kwamba angeutatua peke yake amemdanganya mtazamaji, na mtangazaji asipomuuliza kwa sheria gani, uongo huo unahesabiwa kuwa ushindi. Karo ya sekondari, polisi, vyuo vikuu: hayo ni ya serikali ya kitaifa. Zahanati, barabara za kaunti, shule za chekechea, ugani wa kilimo: hayo ni ya gavana. Mengi ya maswali yanayotumwa kwa ujumbe mfupi wakati wa vipindi vya siasa hupelekwa kwa mtu asiye na jibu kisheria, na wengi wa wawaniaji hujibu hata hivyo.

Kuna runinga nyingine inayoshinda mdahalo, na Meru ndiyo shule yake. Kawira na mumewe waliendesha Baite TV, na kipindi cha hisani kilichojulikana kama Okolea kilionyesha ng'ombe wakipelekwa kwa maskini na nyumba zikijengwa. Mtazamaji aliona mnyama akishushwa garini, familia ikilia, mgombea akikumbatiwa. Hapakuwa na mpinzani wa kuuliza pesa zinatoka wapi. Hapakuwa na kengele. Mdahalo hauwezi kushindana na picha hiyo kwa hisia, na wanaodhani kwamba kituo cha Nairobi kikileta meza na vipaza sauti kitafuta kazi ya miaka ya namna hiyo hawaijui Meru. Matokeo ya 2022 yalieleweka kwa wachache tu waliokuwa wakitazama vituo vya nyumbani.

Upande wa pili wa sarafu ni huu. Kawira alishinda bila chama, akaingia ofisini bila kundi lake la wawakilishi wadi katika bunge la kaunti. Alitimuliwa na bunge hilo mara tatu. Seneti ilimwokoa mara mbili, kisha ikathibitisha kuondolewa kwake Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikakubali Machi 2025. Naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa. Chama hakikumchuja kwa sababu hakikuwa na nafasi ya kumchuja, na maswali yaliyofaa kuulizwa mapema, kuhusu atakavyofanya kazi na bunge asilolidhibiti, yaliulizwa baada ya kura. Huko Embu, Wambora alikuwa gavana wa kwanza nchini kuondolewa na Seneti, mwaka 2014, kabla ya mahakama kumrejesha. Kaunti hizi mbili zimelipa bei ya kutouliza mapema.

Uzani

Nikizipima hoja, naunga mkono mdahalo wa mchujo, lakini kwa sababu ndogo kuliko zile za wanaoutetea. Hautamchagua gavana wa Meru. Hautaondoa bahasha Kianjai wala kwingineko. Unaweza kufanya kazi moja ambayo hakuna kitu kingine kwenye kalenda ya uchaguzi kinachoifanya: kumlazimisha mwaniaji aseme, mbele ya wapinzani wake wa chama, jambo ambalo atashikiliwa kwalo baadaye, na kumfichua asiyejua kazi anayoiomba. Hilo linatosha kuhalalisha gharama yake, iwapo mambo manne yatatimizwa. Yasipotimizwa, bora pesa hizo zinunue karatasi za kura za mchujo, maana hizo nazo hukosekana.

La kwanza, chama kitangaze mbinu ya uteuzi kabla ya mdahalo. Mdahalo wa wawaniaji wa tiketi itakayoamuliwa na wajumbe au kwa maelewano ni tamthilia. La pili, uandaliwe kwa redio na runinga za Meru na Embu, kwa Kiswahili, na maswali yakubaliwe pia kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere kwa tafsiri ya hapo hapo. Redio isidharauliwe, kwa maana ndiyo inayofika shambani na huondoa upuuzi wa tai na taa. Hata Marekani walianzia huko: mdahalo wa mchujo uliosifika kati ya Thomas Dewey na Harold Stassen, Oregon mwaka 1948, ulikuwa wa redio na wa swali moja tu. Runinga ilifuata mwaka 1956.

La tatu, aliyesusia asiachiwe kuufuta. Atajwe jina, swali lake lisomwe, na dakika zake wapewe waliokuja. La nne, maswali yafungwe kwenye mamlaka ya kiti: gavana aulizwe ya kaunti, mbunge ya bunge na ya hazina ya maendeleo ya eneobunge, mwakilishi wadi ya wadi na ya kuikagua serikali ya kaunti. Mtangazaji anayejua Jedwali la Nne la Katiba ana faida kuliko mwenye sauti nzuri.

Kwa mtazamaji, swali la nani ameshinda lifungwe na mengine mawili yafunguliwe: nani ametaja kiasi na chanzo cha pesa, na nani ameahidi kazi ya ofisi nyingine? Andika majina pembeni. Na vyama vitakavyochapisha kanuni za mchujo wa 2027 bila kutaja siku ya mdahalo viulizwe sababu sasa, wakati wanachama bado wana uwezo wa kuhama na wawaniaji bado wanazitafuta kura zao.